Kupona ukatili wa utotoni ukiwa mtu wa imani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa mtu mzima aliyeumizwa akiwa mtoto, anayesali au aliyewahi kusali, na anayejiuliza kama dini yake ina neno lolote kwake zaidi ya "vumilia". Wakristo na Waislamu wanahusika kwa pamoja, kwa sababu wanaouliza huuliza mambo yaleyale na kinachobadilika ni aya tu. Sheria na huduma zinazotajwa ni za Tanzania na Kenya. Ruka swali lisilokuhusu. Ukihisi kifua kinabana unaposoma, acha, kanywe maji, rudi siku nyingine.

Nitajuaje kama niliyopitia ni ukatili kweli? Kuna walioteseka kuliko mimi.

Sentensi hiyo ya pili husemwa na karibu kila mtu, hata yule ambaye msikilizaji akimaliza kumsikia anakosa la kusema. Hakuna mashindano. Kama ulikuwa mtoto, na mwenye nguvu kuliko wewe akakutumia au akakuumiza, hilo linatosha.

Sura zake ni nyingi: kuguswa sehemu za siri, au kulazimishwa kumgusa mtu mzima, kuonyeshwa picha za ngono, kipigo kilichoacha makovu, kuambiwa kila siku kwamba bora usingezaliwa, kunyimwa chakula wenzako wakila, kuchukuliwa kijijini "ukasomeshwe mjini" halafu ukageuzwa dada wa kazi asiye na mshahara. Juu ya viboko watu hubishana sana, na wapo watakaosema "mbona sisi tulichapwa tukawa watu". Sitaki ubishi huo hapa. Nasema tu kwamba mtoto aliyekuwa akijikojolea kila akisikia mlango wa baba unafunguliwa hakuwa akifundishwa adabu.

Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni takriban 1 kati ya 7. Kipigo na ukatili mwingine wa kimwili ulikuwa umewagusa karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume. Kwa hiyo kwenye benchi lako la kanisani, au kwenye safu yako ya swala, kuna mwingine mwenye siri kama yako.

Yalitokea zamani sana. Kwa nini yananirudia sasa, wakati maisha yametulia?

Mara nyingi yanarudi kwa sababu maisha yametulia. Ulipokuwa unahangaika na ada, kodi na kazi, mwili haukupata nafasi. Halafu mtoto wako anatimiza miaka minane, umri uleule uliokuwa nao wewe. Au unaolewa. Au aliyekufanyia anafariki na ukoo mzima unamlilia mtu mwema. Wengine hushtuliwa na harufu tu: mafuta fulani ya nywele, pombe ya kienyeji, moshi wa taa ya chemli.

Hiyo ndiyo namna kumbukumbu za kiwewe zinavyofanya kazi. Tukio la kawaida ubongo huliweka kwenye mafungu ya "ilikuwa" na "imekwisha". Tukio la hofu kuu linaweza kubaki vipandevipande bila tarehe, na kipande kimoja kikiguswa mwili unajibu kana kwamba jambo linatokea leo: moyo unakwenda mbio, jasho, mikono baridi, usingizi unakatika usiku wa manane. Hujarogwa, wala hujapungukiwa na shukrani kwa baraka ulizopewa.

Mwili nao huweka hesabu zake. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti uliokuja kuhusisha zaidi ya watu 17,000 mjini San Diego. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo uwezekano wake wa sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ulivyopanda. Uwezekano, narudia. Wengi walioteswa hawapati hayo, na kilichowasaidia wengi wao ni mtu mmoja wa kuaminika aliyekuwa karibu.

Sikupiga kelele. Nilirudi tena aliponiita. Je, nami nina dhambi?

Hapana.

Kwa Waislamu kuna hadithi inayojulikana sana kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Haikuandikwa kitu. Unachojibebesha wewe, malaika hawakukiandika. Na aliyekwisha kubaleghe akalazimishwa, aliyelazimishwa hahesabiwi kosa la mlazimishaji. Kwa Wakristo, angalia Yesu anapozungumzia mtoto kukoseshwa katika Mathayo 18: jiwe la kusagia linafungwa shingoni mwa nani? Mtoto hatajwi kwenye adhabu hata kwa mbali.

Kuhusu kelele: mtu akizidiwa na hofu, mwili una njia tatu, kupigana, kukimbia, au kuganda. Mtoto wa miaka saba hawezi kupigana na mjomba wala kukimbia nyumba anamolala. Anaganda. Wengine husimulia kwamba walijiona kama wako darini wanatazama chini. Na kurudi alipokuita? Yeye ndiye aliyekupa biskuti, ndiye aliyelipa ada, ndiye pekee aliyekuita kwa jina zuri. Watendaji wengi huanza na ukarimu kwa makusudi, wakimzoesha mtoto na kumfunga kwa siri ndogondogo kabla ya ile kubwa.

Kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini kabisa: mwili uliitikia, wakasikia raha. Mwili huitikia mguso kama jicho linavyotoa machozi kwenye moshi. Jicho halijakubali kitu.

Mungu alikuwa wapi?

Ningependa kuwa na jibu la kukupa. Wapo wenye majibu ya haraka, kwamba lilikuwa jaribio, au lilikuwa kwa kusudi, au Mungu alitaka kukufanya imara. Nadhani majibu hayo humtuliza anayeyatoa kuliko anayeyapokea. Mtoto kubakwa si somo.

Ninachokijua ni kwamba Maandiko yanaruhusu swali lenyewe. Zaburi ya 88 huanza na kilio na humalizika gizani, bila mstari hata mmoja wa ushindi mwishoni, na bado imewekwa miongoni mwa nyimbo za ibada. Aliyeikusanya Biblia angeweza kuiacha. Katika Qur'ani, Nabii Yaakub anamlilia Yusuf mpaka macho yake yanageuka meupe kwa huzuni; wanawe wanamkemea kwa kulia sana, naye anajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Huyo ni nabii, na hakuna anayesema imani yake ilikuwa haba.

Basi lalamika. Andika barua ya hasira kwa Mungu ikiwa unaweza. Kama kwa sasa huwezi kusema "Baba yetu" kwa sababu baba ndiye aliyekuumiza, sali kwa jina jingine: Mchungaji, Mwamba, Kimbilio. Kuna wanaorudi kuswali baada ya miaka mingi, na kuna wanaokaa kimya mbele ya Mungu muda mrefu. Kimya hicho nacho tusikidharau.

Mchungaji ameniambia nisamehe nisahau, la sivyo maombi yangu hayatasikika. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloumiza watu wengi kuliko yote, na ndilo linalonifanya nikasirike na sisi watu wa dini.

Kwenye mashauri ya namna hii watu huchanganya mambo manne na kuyaita msamaha. Kuna kuachilia kisasi moyoni. Kuna kupatana na kuwa karibu tena. Kuna kusahau. Na kuna kuacha kumshtaki. Mtu anaweza kufanya la kwanza bila kufanya hata moja kati ya matatu yaliyobaki. Kumsamehe babu hakukulazimishi kumpelekea wajukuu likizo.

Tazama jinsi Yusufu alivyofanya, maana kila mara ndiye anayetolewa mfano kwenye mahubiri, na kila mara wanaruka sura tatu za katikati. Ndugu zake walipokuja Misri kutafuta nafaka hakuwakumbatia. Alijificha. Alizungumza nao kupitia mkalimani. Alimzuia Simeoni. Alitoka nje kulia peke yake. Alitia kikombe kwenye gunia la Benyamini aone kama watamtupa mdogo wao kama walivyomtupa yeye, na ni pale Yuda alipojitoa kuwa mtumwa badala ya kijana ndipo Yusufu akajitambulisha. Alikuwa mtawala wa pili baada ya Farao, salama, na aliwapima kwanza. Mchungaji anayetaka umkumbatie baba mdogo Jumapili hii kwenye kikao cha familia anakudai kitu ambacho Yusufu hakukifanya.

Luka 17:3 inasema: "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuna kuonya na kuna kutubu. Kutubu kwa kweli kunaonekana: anakiri kwa jina la kosa, hasemi "kama nilikukosea", anakubali matokeo, ikiwamo polisi, hadai kurudishiwa nafasi yake ya kukaa na watoto.

Kwa upande wa Uislamu, Surat Ash-Shura aya ya 40 inamsifu anayesamehe na kusuluhisha, na aya inayofuata papo hapo inasema mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa hana wa kumlaumu. Zisomwe pamoja. Na Surat An-Nisaa aya ya 148 inasema Mwenyezi Mungu hapendi maovu yatajwe hadharani, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aya hiyo ingebandikwa ukutani kila panapofanyika maslaha, yaani wazee kumaliza kesi nje ya mahakama, ya kumnyamazisha binti kwa ngamia au kwa bahasha.

Msamaha wa moyoni, kama utakuja, huja baada ya ukweli kusemwa na maumivu kuombolezwa. Wengine huchukua miaka. Wengine husema hawajafika na wanaishi vizuri. Maombi yako yanasikika. Katika Uislamu dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mungu.

Aliyenitesa ni mzazi wangu. Vipi kuhusu kumheshimu, na radhi?

Hofu ya kukosa radhi ni nzito kwetu, na wazazi wengine huitumia kama kufuli. Lakini kumheshimu mzazi hakujawahi kuwa na maana ya kuficha uhalifu wake. Surat An-Nisaa aya ya 135 inawaamuru waumini wasimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa. Surat Luqman aya ya 15 inaonyesha kwamba kuna pahali pa kutomtii mzazi huku ukimtendea kwa wema. Na Zaburi 27:10 inakiri wazi kwamba wapo wazazi wanaoacha: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake."

Kivitendo, unaweza kutuma hela ya dawa kwa simu bila kwenda kulala pale. Unaweza kwenda msibani ukakaa nusu saa na rafiki pembeni yako. Unaweza kutokwenda. Laana ya mtu aliyekudhulumu haina mamlaka juu yako, na hili viongozi wa dini wangelisema kwa sauti zaidi.

Kwa wengi jeraha la ndani zaidi ni la mama aliyejua akanyamaza. Alikuwa anategemea mkate wa mtu huyo, au naye alipitia hayohayo. Unaweza kumwelewa na bado ukawa na hasira. Vyote viwili vinakaa moyoni kwa pamoja.

Naambiwa nina jini mahaba, au nina pepo la ukoo. Usiku nahisi mtu amenilalia.

Kuamka huku huwezi kujitikisa, ukahisi uzito kifuani na kivuli chumbani, ni hali ambayo madaktari wanaifahamu: akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa na usingizi. Huwapata watu wengi, na zaidi wenye kiwewe na wanaokosa usingizi. Ndoto za kuingiliwa kimwili, kuchukia kuguswa na mume, kupotewa na fahamu ukikasirika, vyote vinaweza kuwa kumbukumbu za mwili.

Sikukatazi kuombewa wala kusomewa ruqya, yaani kisomo cha Qur'ani cha kuomba uponyaji. Kwa wengi Ayatul Kursi kabla ya kulala, au Zaburi ya 91, hushusha hofu kweli. Ila ondoka mara moja mahali ambapo mwombeaji anataka mbaki wawili mlango umefungwa, au anakugusa mwili, au anakupiga ili pepo litoke, au anakuambia uache dawa za hospitali, au "ukombozi" una bei. Aliyeumizwa na mtu mwenye mamlaka ni rahisi kuumizwa tena na mwingine mwenye mamlaka, na wapo wanaolijua hilo.

Jambo moja zaidi. Kusema ni pepo kunamwondolea mtendaji lawama. Angalia ni nani kwenye ukoo anayelipigia debe zaidi.

Kwenda kwa mshauri nasaha si kukosa imani?

Anayevunjika mguu huenda kwa fundi wa mifupa na huku anaombewa. Mtume Muhammad alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Luka, kwa maelezo ya Paulo, alikuwa tabibu mpendwa.

Watu hudhani watalazimishwa kusimulia kila kitu siku ya kwanza. Mshauri mzuri haanzi hapo. Anaanza na usalama wako: unalala wapi, unakula, kuna anayekutisha? Kisha mnajifunza namna ya kuutuliza mwili ukishtuka, kwa kupumua taratibu, kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kutaja vitu unavyoviona chumbani. Ndipo baadaye, kwa kasi yako, hadithi inasimuliwa mpaka inapata mwanzo na mwisho.

Je, inafanya kazi kwetu? Kati ya majaribio yaliyofanyika Afrika, moja lilikuwa la watoto 640 waliofiwa na wazazi, Moshi na Bungoma. Washauri walikuwa watu wa kawaida wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa, na wengi wa watoto waliohudumiwa walipata nafuu kuliko walioachwa na huduma za kawaida. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kusikiliza watu wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, na mpango huo, Friendship Bench, umefika hadi Zanzibar. Benchi na bibi anayesikiliza. Hakuna ugeni wowote hapo.

Pa kuanzia: kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au kaunti; Muhimbili kwa walioko Dar es Salaam; Mathari kwa Nairobi; ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Muulize mshauri alisomea wapi na kama amewahi kufanya kazi na walioumizwa utotoni. Akiudharau ukweli wako, au akiidharau imani yako, tafuta mwingine.

Nimwambie nani kwanza?

Si lazima awe ndugu. Mara nyingi ni vizuri asiwe. Tafuta mtu ambaye hajawahi kukuletea siri za wengine, ambaye hategemei chochote kwa mtendaji, na ambaye ukilia hakimbilii kukunyamazisha. Mjaribu kwa jambo dogo. Halafu sema sentensi moja tu: "Kuna jambo lilinipata nikiwa mtoto, sijawahi kulisema, na leo sitaki ushauri, nataka unisikilize." Huna deni la maelezo.

Akishindwa kukuamini, itauma. Usikomee kwake.

Aliyenifanyia ni kiongozi wa dini.

Ostadhi wa madrasa, padri, mchungaji, mwalimu wa kwaya. Katika hali hii aliyeumizwa hupoteza vitu viwili kwa wakati mmoja, usalama na mahali pa kuulilia. Kama harufu ya ubani inakutapisha, huna uasi. Acha kwenda kwa muda, sali nyumbani, au na watu wawili watatu unaowaamini.

Usikubali shauri limalizwe na kamati ya ndani peke yake. Kamati humhamishia mtaa mwingine, na huko nako kuna watoto. Ubakaji na ulawiti ni jinai, na jinai hupelekwa polisi. "Kulichafua kanisa" au "kuuaibisha Uislamu" kulifanywa na yeye.

Mimi ni mwanaume. Nani ataniamini?

Zile takwimu za wavulana hapo juu ni za watu halisi, wengi wao sasa ni akina baba wanaowahi msikitini na kuimba besi kwaya. Kulawitiwa hakukuondolei uanaume wala hakuamui utampenda nani. Kama mtendaji alikuwa mwanamke, dada wa kazi au shangazi, na wenzako wakakuambia ulikuwa na bahati, hao hawajui wanachosema: ulikuwa mtoto.

Wanaume mara nyingi hawaji wakilia. Huja na hasira, pombe, kazi usiku na mchana, au ndoa ya tatu inayovunjika.

Nimwambie mwenzi wangu?

Ukiwa tayari, na kama ni mtu ambaye hatalitumia kama fimbo siku mkigombana. Huhitaji kutoa picha nzima. Inatosha ajue kwamba kuna mguso fulani unaokushtua, kwamba kushtuka huko hakumhusu yeye, na kwamba neno "subiri" liheshimiwe. Ndoa haimnyimi mtu haki ya kusema subiri, hata kama kuna anayekunukulia aya. Maumivu wakati wa tendo yana matibabu. Mwone daktari wa wanawake na umweleze mapema kwamba uchunguzi unakuogopesha, ili aende polepole.

Naweza kumshtaki baada ya miaka yote hii?

Kupita kwa miaka peke yake hakufuti kosa zito kama ubakaji. Watakuambia hakuna shahidi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania na ile ya Kenya (kifungu cha 124) zinaruhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiwa mahakama imeridhika kwamba anasema kweli na imeandika sababu.

Nisikudanganye: kuchelewa kumtaja mtu ndiko wakili wa utetezi atakakoanzia, na kesi ni safari ya kuchosha. Ongea na mwanasheria kabla. Vyama vya wanasheria wanawake, TAWLA nchini Tanzania na FIDA nchini Kenya, hutoa msaada wa kisheria. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mshauri wako awe anajua tarehe za mahakama. Kutoshtaki si dhambi wala woga. Ila kama mtu huyo leo anaishi na watoto, taarifa ifike ustawi wa jamii hata kama kesi yako mwenyewe huitaki.

Kuna siku natamani kufa.

Mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo, na usibaki peke yako usiku huu. Ukiwa na mpango au kitu cha kujidhuru karibu, kitolewe chumbani na uende hospitali iliyo karibu, idara ya dharura, uwaambie unafikiria kujiua.

Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena chakula. Mazungumzo yalikuja baada ya siku nyingi. Kula, lala, kaa na mtu. Mengine yatafuata.

Nitapona lini?

Hakuna tarehe. Utaona vitu vidogo: wiki imepita bila ndoto, umesema hapana na mbingu hazikuanguka, umelitaja jina lake bila kutetemeka. Halafu siku moja utarudi nyuma, pengine wakati wa sikukuu ukoo mzima ukiwa pamoja, na utadhani umeanza upya. Hujaanza upya.

Mtu ameniambia siri yake. Niseme nini?

"Nakuamini. Halikuwa kosa lako. Asante kwa kuniambia." Kisha nyamaza. Usiulize alivaa nini wala kwa nini hakusema mapema. Usimwambie kila mtu "tumwombee". Muulize angependa nini kifanyike.

Ikiwa anayekuambia ni mtoto na jambo ni la sasa, mambo hubadilika. Usimwahidi kutunza siri. Mwahidi kwamba utamsaidia. Usimwite mtendaji "tuyamalize kinyumbani". Kama ni ubakaji au ulawiti, mtoto afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda huo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asiogeshwe kabla ya kuchunguzwa. Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana za plastiki huharibu ushahidi. Tanzania, ulizia Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii huwa mahali pamoja. Polisi watahusika na fomu ya PF3, ile ambayo daktari huandika alichokiona kwenye uchunguzi. Kenya, ulizia kituo cha kuhudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia katika hospitali ya kaunti. Namba 116 ni ya watoto, na hupigwa bure Tanzania na Kenya. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia, kwa watu wa umri wowote. Unaweza kupiga wewe kwa niaba ya mtoto, hata kama ni wa jirani.